Maji ya Mvua Ndani ya Gari: Tone Lionekane Kwanza, Kuziba Kufuate

Mvua ya usiku ikikatika alfajiri, mwenye gari hufungua mlango ili awahi safari ya kwanza, akaweka mguu ndani na kapeti likatoa maji kama sifongo. Vioo vimefunikwa na ukungu kwa ndani. Kuna uvundo ambao wiki iliyopita haukuwapo. Gari halijapita kwenye maji, milango ilifungwa, vioo vilipandishwa. Hata hivyo sakafu imelowa upande mmoja tu, na paa lililo juu ya sehemu hiyo ni kavu kabisa.

Hali hiyo huwakuta wakazi wengi wa ukanda wa pwani wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na hurudi wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Magari mengi yanayotegemewa katika kata zetu yaliingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika, mengi yakitoka Japani, na umri wake sasa ni miaka 15, 20 au zaidi. Iwe ni Toyota Noah inayopeleka wanafunzi shuleni asubuhi na kubeba wafanyabiashara wa gulio mchana, teksi ya stendi, au gari la familia ambalo usiku wa manane humkimbiza mgonjwa kituo cha afya, raba zake zimekakamaa, gundi ya maungio ya bati imepasuka, na matundu yake ya kutolea maji huenda hayajaguswa tangu gari lilipotoka kiwandani. Makala haya yanaeleza namna mwenye gari anavyoweza kutafuta mahali maji yanapoingilia, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haihitaji fedha, na ni lini inampasa kumwona fundi.

Wapo wanaolichukulia jambo hili kama kero ndogo ya kuvumiliwa hadi jua litoke. Hilo ni kosa. Chini ya kapeti la gari mna sponji nene ambayo kazi yake ni kupunguza kelele na joto. Kapeti hukauka juu kwa siku moja ya jua, lakini sponji huweza kubaki na maji kwa wiki kadhaa. Kwa muda wote huo bati la sakafu huliwa na kutu kutoka ndani, mahali pasipoonekana na mwenye gari wala na askari wa usalama barabarani anayelikagua. Boliti za viti na nyingi za boliti za mikanda ya usalama zimefungwa katika bati hilo hilo. Mkanda unaweza kuonekana mzima na kufunga vizuri, ilhali bati unaloshikilia limebaki jepesi kama la mkebe. Kwa gari linalobeba watoto wa watu, hilo si suala la uvundo tena.

Kuna na umeme. Waya kuu za gari hupita pembeni mwa sakafu chini ya kapeti, na katika magari mengi kompyuta inayoongoza mifuko ya hewa imefungwa katikati ya sakafu, chini ya dashibodi au kati ya viti vya mbele. Viungio vya waya vikilowa, vyuma vyake huota kutu ya kijani. Matokeo yake huja moja moja na bila mpangilio: taa ya tahadhari inawaka kwenye dashibodi, loki za milango zinajifunga na kujifungua, betri inaisha usiku, taa ya nyuma inazimika. Fundi umeme hubadilisha kifaa, gari likapona, na mvua inayofuata ugonjwa ukarudi.

Maji hayaingii pale yanapoonekana

Aliyelala chini ya bati bovu anafahamu kwamba tone linaloangukia kitandani si lazima litoke kwenye tundu lililo juu ya kitanda. Maji huingia penye msumari uliolegea, yakafuata papi, yakavuka kenchi moja, ndipo yakadondoka hatua tatu kutoka pale yalipoingilia. Gari halina tofauti. Maji huingia kwenye pembe ya kioo cha mbele, yakateremka ndani ya nguzo ya bodi, yakafuata waya hadi chini ya kapeti, kisha yakajikusanya mahali palipo chini zaidi. Gari likiegeshwa mahali palipoinama kwa nyuma, sakafu ya abiria wa nyuma ndiyo italowa, ingawa maji yameingilia mbele.

Methali ya ufa na ukuta inajulikana na kila mtu, lakini haisemi la kufanya iwapo ufa wenyewe hauonekani. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Noah yenye maji mbele upande wa kushoto hupelekwa kwa fundi. Fundi huitazama kwa dakika mbili, akatamka kwamba ni kioo cha mbele, akapaka silikoni kukizunguka chote. Mvua mbili nyepesi hupita pakiwa pakavu, mwenye gari akashukuru. Mvua ya tatu, iliyo kubwa, maji hurudi. Fundi wa pili hubadilisha raba ya mlango. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, hung'oa vizibo vya sakafu ili maji yapate pa kutokea. Yanatoka kweli, lakini gari likikanyaga dimbwi, mengine huingia kwa mlango huo huo. Kumbe gari hilo hulala kila siku chini ya mwembe, na chini ya waipa zake mna majani yaliyooza yanayojaa ndoo nusu. Hakuna kilichopasuka. Mfereji umeziba tu.

Je, ni mvua kweli?

Kabla ya kumwaga hata kopo moja la maji ya kujaribia, sharti ijulikane kwanza kama maji yaliyomo ndani ni ya mvua. Yapo maji mengine matatu yanayofanana nayo.

La kwanza ni la kiyoyozi. Kiyoyozi kikifanya kazi, unyevu wa hewa hugeuka maji safi ambayo hutolewa nje kwa mpira mdogo unaotokeza chini ya gari. Ndiyo maana gari lililowashwa kiyoyozi siku ya joto huacha kidimbwi kidogo chini yake, na hilo ni jambo jema. Mpira huo ukiziba kwa vumbi au tope, au wadudu wakiufanya makazi, maji hurudi ndani. Kwa magari yenye usukani kulia, kama yalivyo ya Japani, mtambo huo kwa kawaida uko nyuma ya droo ya dashibodi, hivyo kinacholowa ni sakafu ya abiria wa mbele kushoto. Kipimo chake ni rahisi: kiyoyozi kiwashwe kwa nusu saa siku kavu yenye joto, kisha mtu achungulie chini ya gari. Ikiwa nje hakudondoki kitu na ndani kumelowa, mvua haina hatia.

La pili ni maji ya rejeta, yanayopita ndani ya hita iliyo nyuma ya dashibodi. Yakiwa yamechanganywa na kulanti, huwa na rangi ya kijani, nyekundu au waridi, huteleza vidoleni na hutoa harufu tamutamu. Kioo cha mbele nacho hupata ukungu wenye utando wa mafuta. Lakini magari mengi hapa kwetu hutiwa maji matupu kwenye rejeta, na hapo rangi na harufu havitasema lolote. Cha kutazama ni kiwango cha maji. Rejeta inayopungua kila wiki bila kuvuja nje, huku sakafu ikilowa hata wakati wa kiangazi, imejibu swali. Kiwango hicho kikaguliwe asubuhi injini ikiwa imepoa, kamwe si ikiwa ya moto.

La tatu ni maji ya barabarani. Gari linalokaa kavu chini ya mvua ya usiku kucha, lakini likalowa baada ya kupita penye maji, linaingiza kutoka chini: kizibo cha sakafu kimepotea, au kutu imekwisha kutoboa bati.

Ikiwa gari hulowa likiwa limesimama kwenye mvua, basi msako unaanzia juu ya sakafu.

Chini ya waipa

Pahala pa kwanza pa kutazama ni ule mfereji mpana ulio chini ya kioo cha mbele, uliofunikwa kwa grili ya plastiki ambamo waipa zimechomoza. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo huishia humo, kisha hutoka kwa matundu mawili yaliyo kwenye ncha zake, kushoto na kulia, na kudondoka nyuma ya magurudumu ya mbele. Ndani ya mfereji huo huo mna mdomo unaovuta hewa ya nje kuipeleka kwenye feni ya ndani. Mdomo huo umeinuliwa kidogo ili maji yasiufikie. Matundu yakizibwa na majani, maji hupanda mpaka yakauvuka ukingo, yakamwagikia ndani ya feni na hatimaye juu ya miguu ya abiria. Hii ndiyo sababu mvua nyepesi haileti kitu na mvua kubwa huleta mafuriko: mfereji hupata muda wa kunyonya ile, haupati wa kunyonya hii.

Boneti ifunguliwe, majani yaondolewe kwa mkono, na tope lililobaki lichotwe kwa kijiko. Katika baadhi ya magari hapana budi mikono ya waipa ifunguliwe ili grili itoke. Kabla ya kuifungua, mahali ncha zake zilipolalia pawekewe alama ya chaki kwenye kioo, la sivyo zitarudishwa zikiwa zimepinda. Kisha lita moja ya maji imwagwe polepole kwenye ncha moja ya mfereji. Yatoke chini ya gari mara moja. Yakisita, bado pameziba. Magari mengi ya Toyota ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana pia chujio la hewa nyuma ya droo ya dashibodi. Chujio lililolowa, lenye madoa ya maji au vipande vya majani, ni ushahidi kwamba maji yanapita njia ya feni.

Taka zinazotolewa humo zisitupwe mtaroni. Mfereji wa gari ukizibuliwa kwa kuuziba wa mtaa, hakuna kilichofanyika.

Mlango unaoruhusiwa kulowa

Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba mlango wa gari umetengenezwa ili maji yaingie ndani yake. Raba inayolamba kioo cha mlango haizuii maji yote. Mengine huteremka na kioo, yakaingia katikati ya bati la nje na la ndani, na kutokea kwa matundu membamba yaliyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Mlango unaosikika maji yakichapa ndani yake unapofungwa, una matundu yaliyoziba. Kijiti au waya laini hutosha kuyazibua, ingawa waya ukitumiwa kwa nguvu hukwangua rangi na kukaribisha kutu.

Kinachozuia maji hayo yasifike kwenye kapeti ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la ndani, nyuma ya lile pambo la plastiki lenye kishikio. Karatasi hiyo hubandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka, na sehemu yake ya chini huchomekwa ndani ya mlango ili maji yaliyoigonga yarudi yalikotoka. Sasa basi, kila fundi anayefunga spika au kutengeneza mashine ya kupandisha kioo huanza kwa kuibandua. Wapo wanaoirudisha. Wapo wanaoichana katikati ili mkono upite. Na wapo wanaoitupa wakidhani ni mabaki ya vifungashio vya kiwandani. Gari ambalo limewahi kubadilishiwa spika, kisha likaanza kulowa karibu na kizingiti cha mlango, lishukiwe hapo kabla ya penginepo pote.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Nailoni nene inayouzwa kwa mita madukani hukatwa kwa kufuata umbo la ile ya zamani, na gundi ya utepe isiyokauka hupatikana katika maduka ya vioo na vipuri vya magari. Cha kuzingatia ni ncha ya chini iingie ndani ya mlango. Ikiachwa nje, karatasi itageuka mfereji wa kuleta maji ndani ya gari.

Raba kubwa inayozunguka mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi chenye upana wa noti. Kinawekwa kati ya raba na bodi, mlango unafungwa, kisha kinavutwa. Kikivutika kwa ugumu, raba inabana. Kikichomoka bila upinzani, imelegea mahali hapo. Zoezi lirudiwe kila baada ya shibiri moja kuuzunguka mlango mzima. Mara nyingine raba ni nzima na mlango ndio ulioshuka kwenye bawaba, na hapo kununua raba mpya ni kupoteza fedha.

Juu na nyuma

Kioo cha mbele hushutumiwa kuliko kinavyostahili, lakini kikiwa kimewahi kubadilishwa, shaka ni ya haki. Vioo vya magari ya kisasa hushikiliwa kwa gundi maalumu. Ikiwa aliyekiweka alikwangua rangi ya fremu bila kuipaka tena, kutu huota chini ya gundi na kuinyanyua. Ikiwa gundi iliachwa na pengo, maji hulipata. Kioo hicho ni sehemu ya uimara wa gari, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Kwa hiyo kukibandua na kukibandika upya ni kazi ya fundi wa vioo, na gari lisiendeshwe kabla ya muda wa kukauka ulioandikwa na mtengenezaji wa gundi.

Paani, maji huingilia kwenye boliti za keria, kwenye kitako cha antena na kwenye maungio marefu ya bati yaliyofichwa chini ya vipande vyembamba vya plastiki. Gari lenye dirisha la paa lina mirija midogo inayoteremka ndani ya nguzo za bodi kutoka kwenye pembe za dirisha hilo. Dirisha halikukusudiwa kuzuia kila tone. Mirija ndiyo hubeba linalopenya. Mshipi mnene wa kuvulia samaki ni kifaa kizuri cha kuizibua, kwa kuwa hupinda bila kutoboa. Upepo wa kompresa usitumike, maana huweza kuuchomoa mrija kwenye kiungio chake ndani ya nguzo, na hapo tatizo la dakika kumi hugeuka kazi ya kushusha dari.

Kwa nyuma, tairi la akiba liondolewe na shimo lake lichunguliwe. Maji yaliyotuama humo mara nyingi yamepitia kwenye gasketi za taa za nyuma, raba ya mlango wa nyuma, au vile vidirisha vya kupumulia vilivyojificha nyuma ya bampa, ambavyo kazi yake ni kutoa hewa mlango unapofungwa.

Mwisho ni yale matundu yaliyotobolewa na mikono ya watu. Alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari, taa za ziada: waya zake hupitishwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, na si kila aliyetoboa alikumbuka kuweka mpira wa kuzibia.

Jaribio la maji

Uchunguzi wa macho usipotoa jibu, gari limwagiwe maji kwa utaratibu. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani mwenye tochi, na kapeti lililokwisha kunyanyuliwa na kukaushwa. Asiye na bomba nyumbani si lazima apate mpira wa maji. Mkebe wa kumwagilia bustani, au ndoo na kopo lililotobolewa matundu, hufaa kabisa. Mashine ya presha ya waosha magari haifai. Nguvu yake hupenyeza maji hata kwenye raba isiyo na kosa, na jibu lake ni la uongo.

Kanuni kubwa ni kuanzia chini kwenda juu. Anayeanzia paani hulowesha kila kitu kwa mara moja, na ndani likionekana tone, hawezi kusema limetoka kwenye paa, kioo au mlango. Kwa hiyo maji yaanzie kwenye kizingiti na sehemu ya chini ya mlango kwa dakika tano hadi kumi, kisha usawa wa kishikio, kisha kioo cha mlango, kisha mfereji wa chini ya waipa, kisha kioo cha mbele upande wa chini, na hatimaye pembe zake za juu na paa. Kila kituo kipewe muda wake wote. Haraka ndiyo huliharibu jaribio hili, kwa sababu maji yaliyoingia yanaweza kuchukua dakika kadhaa kusafiri ndani ya nguzo kabla hayajajitokeza.

Aliye ndani asitazame sakafu. Sakafuni ni mwisho wa safari, naye anatafuta mwanzo. Amulike nyuma ya dashibodi, kandokando ya nguzo, kwenye vifungu vya waya, na apitishe kidole chini ya ukingo wa dari. Bati kavu likipakwa poda ya watoto au vumbi la chaki, tone huacha mstari unaosomeka kama njia ya konokono, na mstari huo ufuatwe kuelekea juu mpaka unapoishia. Pale ambapo jicho halifiki, vipande vya gazeti hupachikwa. Kitakacholowa kwanza ndicho kilicho karibu na chanzo.

Ipo njia nyingine isiyohitaji maji mengi. Feni ya gari iwashwe kwa nguvu yote ikivuta hewa ya nje, milango na vioo vikiwa vimefungwa, kisha maji ya sabuni yapakwe kwa nje kwenye raba na maungio. Hewa inayotafuta pa kutokea hupuliza mapovu penye upenyo. Njia hii hufanikiwa zaidi kwenye vioo na milango kuliko kwenye maungio ya sakafu.

Iwapo viti vitalazimika kutolewa ili kapeti linyanyuke, waya zilizo chini ya viti vya mbele zisivutwe ovyo, hasa zenye viungio vya rangi ya njano, ambayo kwa desturi huashiria mfumo wa mifuko ya hewa. Betri itolewe waya wa hasi na isubiriwe kwa dakika kadhaa kwanza. Asiye na uzoefu amwachie fundi sehemu hiyo.

Kwa fundi

Mwenye gari aliyeshindwa kupata chanzo, au aliyekipata na kukiona kinamzidi, ana haki ya jambo moja ambalo wengi hawalidai: aonyeshwe tone. Fundi anayesema maji yanapita kwenye kioo amwage maji kwenye kioo, na mteja akiwa ndani ayaone yakiingia. Kazi ikiisha, jaribio lile lile lirudiwe mbele yake kabla ya malipo. Fundi bodi stadi hatachukia, na wengi wao hupendelea hivyo, kwa kuwa nao wamechoka kurudishiwa kazi. Risiti iandikwe kilichozibwa na mahali pake. Mvua ijayo ikileta maji upande mwingine, fundi asilaumiwe kwa tundu ambalo hakuliziba. Ikileta pale pale, mteja ana karatasi ya kuanzia mazungumzo.

Kuhusu silikoni: ile ya kawaida inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati lisilo na rangi. Juu ya hayo, gundi nyingine hazishiki mahali ilipokwisha kupakwa, hivyo fundi anayefuata hulazimika kuikwangua yote. Kwa maungio ya bati itumike gundi ya kuzibia iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za magari, baada ya kutu kusuguliwa na rangi ya kuzuia kutu kupakwa.

Anayekusudia kununua gari lililotumika naye atumie mambo haya. Anyanyue kapeti kwenye pembe, aminye sponji kwa vidole, atazame chini ya tairi la akiba, avute mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa tope au doa la maji kwenye sehemu ya mkanda ambayo kwa kawaida hubaki ndani huonyesha kwamba gari liliwahi kuzama. Manukato mengi kupita kiasi ndani ya gari linalouzwa ni sababu nyingine ya kuinama na kunusa sakafu.

Chanzo kikisha kuzibwa, kapeti lisirudishwe siku hiyo hiyo. Sponji inyonywe maji kwa vitambaa, iinuliwe ili upepo upite chini yake, na gari liachwe wazi juani kwa siku kadhaa. Kutu iliyokwisha kuanza isuguliwe na kupakwa rangi wakati bati liko wazi. Kisha gazeti kavu litandikwe juu ya bati, kapeti lilazwe bila kufungwa, na mvua mbili kubwa zisubiriwe. Gazeti likitoka kavu mara zote mbili, viti virudishwe na boliti zikazwe.